Sensa Iliyogoma Kwenye Ekzosi

Ukimkuta fundi amelala chini ya gari, anavuta spana kwa mikono miwili huku mguu ameukita kwenye tairi, jua sensa ya oksijeni imegoma na kichwa chake kiko mbioni kuwa mviringo. Nguvu si tatizo. Kinachokosekana ni mshiko wa spana, na baada ya mshiko, moto.

Gari la kisa hiki lilikuwa Golf ya kizazi cha nne, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma inatoa P0135: hita ya sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega ya kusafishia moshi, imekufa. Sensa hiyo ina thredi za milimita 18 zenye hatua ya 1.5, na kichwa cha spana namba 22. Ikiwa mpya haikazwi kwa nguvu za ajabu. Ila miaka ishirini ya kupata moto na kupoa huishikamanisha na kitako chake kwa kutu, na magari yaliyotembea sehemu za Japani zinazomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji hushuka Dar es Salaam au Mombasa tumbo limeshaliwa. Hewa ya bahari humalizia.

Uamuzi wa kwanza ndio uliookoa kazi: waya zilikatwa. Hita ikishakufa hakuna cha kutunza, na waya zikiondoka, soketi ndefu ya pembe sita inavaa kichwa chote. Soketi yenye mwanya wa kupitishia waya, inayouzwa kama ndiyo maalumu kwa kazi hii, hupanuka mdomo pale hasa unapoihitaji. Naiona inafaa kufungia tu, au kutolea sensa nzima unayotaka kuirudisha.

Mafuta ya kupenyeza kutu yalipulizwa jioni ekzosi ikiwa baridi, yakaachwa usiku kucha. Ukiyapuliza kwenye bomba la moto yanatoa moshi tu, na yanaweza kushika moto. Asubuhi yalifutwa, bomba la petroli na la breki yakakingwa kwa kipande cha bati, kizimamoto kikawekwa karibu, ndipo gesi ikawashwa. Mwali ulizungushwa kwenye kitako peke yake hadi kikaanza kuwa chekundu. Hesabu yake ni ndogo lakini inatosha: tundu la milimita 18 likiongezewa nyuzijoto 400 hupanuka karibu milimita 0.09. Ukichoma na sensa, nayo inavimba, faida yote inapotea. Ndiyo maana kuwasha injini ipate moto, njia ya wasio na gesi, husaidia nusunusu: vyote viwili vinapata joto. Maji ya kupoza hayakumwagwa. Chuma cha kusubu kinaweza kupasuka.

Sensa ilitoa mlio mkavu, ikasogea robo mzunguko, kisha ikaanza kukwaruza. Hapa ndipo wengi huua thredi, maana wakishaona imetembea wanaivuta moja kwa moja. Fundi huyu aliirudisha nyuma, akasubiri bomba lipoe, akatia mafuta, akaileta mbele tena, kidogo kidogo, hadi ikatoka. Thredi za kitako zilikuwa na uchafu lakini hazijakatika. Tepu ya 18 kwa 1.5 ilipitishwa ikiwa imepakwa grisi, ili vumbi la chuma ling'ang'anie kwenye tepu lisidondokee ndani ya bomba. Zingekuwa zimekufa, dawa ingekuwa kukata kitako na kuchomelea kipya.

Sensa mpya ilikuja imeshapakwa dawa ya kuzuia kushikana, kwa hiyo haikuongezwa kitu. Isipokuwa nayo, hupakwa kidogo kwenye thredi tu, ncha isiguswe, na silikoni isikaribie kabisa, maana huua sensa. Waya zilisokotwa kinyume kabla ya kufunga, zikajinyoosha zenyewe sensa ilipoingia. Kwa sensa zinazovuta hewa ya kulinganishia kupitia humo humo kwenye waya, kuunga kwa risasi ya kuchomelea au kumwagia gundi kwenye plagi ni kuziba pumzi yake.

Msimbo wa hitilafu ulifutwa, injini ikawashwa ikiwa baridi, kisha ikazungushwa barabarani. P0135 haikurudi.