Haiba ya Kiongozi Hutoka kwa Umma
Max Weber, mwanazuoni wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920, alifundisha kuwa haiba ya kiongozi ni kipaji kinachotambuliwa na wafuasi. Wasomi wengi wameshika kipaji, wakawasahau wafuasi. Hilo tunalipinga. Kwame Nkrumah wa Ghana hakuvuma kwa ufasaha peke yake. Chama chake cha CPP, kilichoundwa mwaka 1949, kilibeba madai ya wakulima, wafanyakazi na vijana. Lakini CPP ilipobaki chama pekee mwaka 1964, ikashika kumsifu Nkrumah badala ya kumkosoa, mizizi ilikauka. Tarehe 24 Februari 1966 wanajeshi walimpindua akiwa safarini Asia. Chama kikapigwa marufuku, na matawi hayakuweza kukitetea. Ndugu makada, tujifunze: kiongozi asiyekosolewa na wanachama hana wa kumlinda.