"Inchi Yetu": Remmy Ongala, Santuri na Kiswahili cha Maniema

Historia ya Kiswahili huelezwa kwa kawaida kama safari ya upande mmoja, kutoka pwani kwenda bara. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo, makao ya Tippu Tip, na nyuma yake ikaacha Kingwana. Katika maelezo hayo Maniema ni mahali pa kupokea tu. Makala haya yanadai kwamba santuri za okestra moja ya dansi zinatudai tuieleze pia safari ya kurudi.

Okestra hiyo ni Super Matimila ya Dar es Salaam. Kiongozi wake, Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu kama Remmy, alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, mji wa Maniema ulio kaskazini ya Kasongo, kando ya mto Lualaba. Aliwasili Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki katika Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila. Alifariki Desemba 2010.

Kabla ya kuzihakiki santuri zake, inafaa kukumbuka okestra ya namna hii ilitoka wapi. Muziki wa jazz wa Marekani uliipa Afrika Mashariki jina na, kwa kiasi fulani, umbo. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na nyingine nyingi zilijiita hivyo hata zilipokuwa zikipiga rumba. Umbo lenyewe ni kundi kubwa la wapigaji lililogawanyika katika mafungu yanayojibizana, nalo hupiga kwa ajili ya wachezaji. Katika "One O'Clock Jump" ya Count Basie, iliyorekodiwa mwaka 1937, mafungu hayo ni saksafoni na tarumbeta. Katika Matimila ni magitaa.

Bendi hizo zilirithishana pia tatizo la kurekodi. Santuri ya kawaida ya enzi ya Basie ilibeba takriban dakika 3 kila upande, ilhali ukumbini muziki ule ule uliweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka. Wimbo wa dansi nao una sehemu ya polepole inayobeba maneno, kisha chemko linalowabeba wachezaji. Anayehakiki santuri, basi, anahakiki muhtasari wa usiku mzima, na hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kutoa hukumu.

Mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa santuri ya "Songs for the Poor Man", na mwaka 1992 ikatoa "Mambo". Kwa maoni yetu ya kwanza ndiyo bora. Wimbo wake "Sauti ya Mnyonge" una hoja tangu kwenye jina: mnyonge ametajwa katika umoja. Jina halitangazi msemaji wa wanyonge aliyesimama juu yao. Linatangaza mmoja wao. "Mambo" ina nyimbo kadhaa za Kiingereza, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kejeli na mafumbo ya Remmy hutegemea msikilizaji anayejua lugha inavyosemwa mitaani. Kwa msikilizaji wa mbali yanageuka nasaha tu.

Hata hivyo, katika "Mambo" hiyo hiyo kuna wimbo ulioandikwa "Inchi Yetu". Msomaji wa Kasongo atatabasamu, kwa kuwa "inchi" ndivyo neno hilo linavyotamkwa sehemu kubwa ya Kongo. Lakini tusiharakishe kushangilia. Tahajia hiyo hupatikana pia katika maandishi ya zamani ya kwingineko, na yawezekana ni kazi ya mpiga chapa. Herufi moja haitoshi kuwa ushahidi.

Mpinzani ataongeza kwamba Kiswahili cha nyimbo hizi kwa jumla ni cha Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini mtu hafiki ugenini na ulimi mtupu. Mwanamuziki huyu hakuhitaji kujifunza Kiswahili upya. Alihitaji kukilinganisha tu na kile cha wenyeji wake. Wenyeji nao walimpokea kiasi kwamba kituo cha mabasi huko Sinza kinaitwa "Sinza kwa Remmy". Ushahidi huo ni mzito kuliko tahajia: lugha iliyodhaniwa kuwa imepotea bara ilirudi pwani ikiwa na uwezo wa kuwasemea watu wa pwani.

Jambo hili si la muziki pekee. Mwanafunzi kutoka Kasongo au Kabambare anapoambiwa darasani kwamba Kiswahili cha kwao kimeharibika, anafundishwa kunyamaza katika lugha ambayo babu zake walikuwa wakiizungumza tangu enzi za misafara. Tunapendekeza nyimbo hizi zifundishwe katika kozi za fasihi kando ya mashairi ya pwani, na wanafunzi wa Maniema wawe wa kwanza kuombwa kuzisikiliza na kutueleza wanachosikia. Huenda masikio yao yakakamata lafudhi na misemo ambayo sisi tumeipita kwa miaka mingi bila kuitambua.