Ngolo za Wamatengo: Jembe, Maji na Udongo Mwekundu

Barabara ya kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga huanzia kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi kwenye milima ya Umatengo. Miteremko huko ni mikali, na mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, hunyesha kwa nguvu. Mahali pa namna hiyo udongo ulipaswa kuwa umekwisha kuhamia ziwani. Lakini ukitazama mlima unaolimwa kwa desturi ya wenyeji, unaona mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu toka bondeni hadi kileleni. Hizo ndizo ngolo, na Wamatengo wamezichimba kwa zaidi ya miaka 100, tangu zama ambazo mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma wengi wao kujibana milimani.

Kazi huanza mvua zinapokaribia ukingoni, mnamo Machi. Wanaume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote umegawanyika miraba. Hapo jembe hupokewa na wanawake. Huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi pande zote nne. Kinachopatikana ni shimo lililozungukwa na matuta manne, na ndani ya kila tuta zimezikwa nyasi. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo mara moja, na mvua za msimu unaofuata zikianza hupandwa mahindi. Mzunguko mpya ukifika, shimo huchimbwa pale matuta ya zamani yalipokutana, hivyo udongo wa shamba zima hugeuzwa kwa zamu.

Mtazame mama anayeijua kazi hiyo. Haliinui jembe juu sana. Huliacha liingie kwa uzito wake, akalivuta, na udongo ukaangukia nyasi bila kuzisukuma kutoka mahali pake. Jicho lake liko kwenye mgongo wa tuta. Pakibonyea kidogo tu, maji yatapata mlango, yatakimbilia hapo yote na kulipasua tuta. Kwa hiyo hurudi, akaongeza udongo, akausawazisha. Ngolo iliyochimbwa vizuri hujaa kwanza, na ikizidiwa humwaga maji taratibu kwenye shimo la chini yake.

Ili kuelewa kwa nini utaratibu huo una maana kubwa, inabidi kuuchunguza udongo wenyewe. Wekundu wake ni oksidi za chuma: hematiti, yenye rangi nyekundu, na gothaiti, inayoelekea njano na kahawia. Chembe zake ni ndogo mno, hata gramu moja ya gothaiti huweza kuwa na uso wa makumi ya mita za mraba, sawa na sakafu ya nyumba. Ndani ya chembe, kila atomi ya chuma imezungukwa na oksijeni. Zile zilizo juu ya uso zimepungukiwa na majirani. Molekuli ya maji ikifika, oksijeni yake hushikana na chuma, na mara nyingi haidrojeni yake moja huhamia kwenye oksijeni iliyo karibu. Uso mzima hufunikwa na haidroksili, yaani jozi za oksijeni na haidrojeni. Juu yake maji mengine hukaa tabaka kwa tabaka: la kwanza limeshikwa kwa nguvu ambayo jua la shambani haliwezi kuiondoa yote, yanayofuata yanazidi kulegea, mpaka yale ambayo mzizi unaweza kuyanywa.

Oksidi hizo hizo hugandisha udongo uwe punje punje. Chukua bonge kavu kutoka shamba lililotunzwa, ulitumbukize kwenye glasi ya maji: viputo vya hewa vitapanda, lakini mara nyingi bonge litabaki limeshikana. Maji yanaingia humo bila kulivunja, ila yanahitaji muda. Kwenye mteremko mtupu hayaupati, maana matone hupiga, maji hutiririka na kubeba chembe. Shimo la ngolo huyapa muda huo, na tope linalotulia ndani yake hurudishwa kwenye tuta zamu ikifika.

Nyasi nazo zina kazi. Katika udongo wenye asidi, haidroksili za usoni hupokea haidrojeni ya ziada, na uso ukapata chaji chanya. Hapo huinasa fosfeti, chakula muhimu cha mmea, na kuing'ang'ania. Asidi zinazotoka kwenye nyasi zinazooza huchukua sehemu ya nafasi hizo, na fosfeti zaidi ikabaki kwa ajili ya maharage.

Chembe za udongo zinazoponyoka shambani hushuka na vijito hadi ziwani, zimebeba fosfeti hiyo. Chini ya mita 250 hivi, Ziwa Nyasa halina oksijeni. Huko bakteria hugeuza chuma kiwe cha aina inayoyeyuka, na fosfeti huachiwa majini. Mlima hauipati tena.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda Umatengo kuuchunguza ufundi huu. Kwingineko, kwenye milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwahi kuwalazimisha wakulima kuchonga ngazi ili kuzuia mmomonyoko, ikaishia kwenye ghasia za mwaka 1955. Ngazi zile zilichimbua udongo hafifu wa chini. Ngolo huzika nyasi, huugeuza udongo wa juu, na Wamatengo wenyewe hawakuhitaji kuamriwa.

Ngolo haichimbwi mara moja ikatosha. Baada ya kila mzunguko mlima wote huchimbwa upya, na sehemu nzito ya kazi huangukia migongo ya wanawake. Basi sifa isiishie kwa mababu waliobuni. Anayepanga bei ya maharage ya Mbinga sokoni aanze kuhesabu gharama kwenye jembe la huyo mama, maana analipwa kwa gunia tu, ilhali ameulinda udongo na maji yanayoteremka ziwani.