Herufi Iliyokosewa na Bei Yake

Mwaka 1895 stempu za Bara Hindi zilipigwa chapa ya jina "Zanzibar" katika kiwanda cha Zanzibar Gazette, zipate kutumika Unguja. Mpanga herufi akakosea: stempu chache zikasomeka "Zanzidar", nyingine "Zanibar". Katika insha ya mwanafunzi makosa hayo yangetiwa wino mwekundu. Lakini leo stempu yenye kosa huuzwa kwa bei inayoishinda mbali ile iliyo sahihi.

Aghalabu husemwa kwamba bei hiyo ni ya uadimu. Mimi sikubali. Tuangalie stempu ya senti 1 ya British Guiana ya mwaka 1856. Mwaka 1873 kijana aliyeikuta miongoni mwa karatasi za nyumbani aliiuza kwa shilingi 6. Mwaka 2014 ikanunuliwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 9.5. Haikuwa adimu zaidi mwaka huo kuliko siku ile ya shilingi 6. Kilichozidi ni maandishi: wataalamu waliithibitisha, majarida yakaieleza, orodha zikaitia nambari.

Ndivyo ilivyokuwa kwa "Zanzidar". Kampuni ya Stanley Gibbons ya London, iliyoanza kutoa orodha ya bei mwaka 1865, imelitambua kosa hilo na kulipa nafasi yake. Dosari nyingine ndogo za chapa, pengine adimu vile vile, zimeachwa nje, na wazitafutao ni wachache. Orodha hiyo hiyo yaonya kwamba chapa za kughushi ni nyingi, na kwamba hata makosa ya uongo yamebuniwa. Nani angejisumbua kughushi kosa la tahajia lau lisingalikuwamo kitabuni?

Yatuhusu nini sisi wa fasihi? Hati za kale za tenzi zina hali iyo hiyo. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alitoa orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu za maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na tangu hapo mtafiti aweza kuitaja hati kwa nambari yake. Nambari hiyo ni heshima, tena ni ulinzi. Hati iliyobaki katika sanduku la ukoo haina mlinzi ila mwenye sanduku, na warithi wake huenda wakaiona makaratasi tu. Walakini ikitajwa kitabuni, mnunuzi naye husoma. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kuitangaza hati mpya hana budi kuhakikisha kwanza kwamba nakala yake imewekwa maktabani, kabla jina la mwenyewe halijapigwa chapa.