Profesa na Mikao 37
Filamu ya Barry Strugatz, The Professor: Tai Chi's Journey West (2016), inampenda Cheng Man-ch'ing kupita kiasi. Wanafunzi wake wanamsifu tu. Mimi nilitaka wabishane. Huyu mzee alishika tai chi ujanani, kifua kikuu kikimmaliza, naye alikuwa pia daktari, mchoraji na mshairi. Mtindo wa mwalimu wake, Yang Chengfu, ulikuwa mrefu, mikao mia na ushee. Yeye akaukata hadi 37. Wapo walioona ameharibu urithi. Lakini mgonjwa asiye na pumzi ataimaliza mia kweli, bana? Ningekaa hapo zaidi. Badala yake tunapelekwa New York, alikohamia 1964, kwa mahipi wake. Angalau zile picha za zamani ni noma: mzee kadogo anagusa tu, jitu linaruka.