Mkwaruzo wa spika una wakati wake

Mwalimu mmoja wa Kabambare alinifikia hapa Kasongo, jimbo la Maniema nchini Kongo, na laptopu yake ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ukiwa ndani ya begi, na begi limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Pamoja na uangalifu wote huo, vumbi jekundu la barabara lilikuwa limepenya hadi katikati ya vitufe. "Fundi, spika za mashini zimepasuka," aliniambia kabla hata ya kukaa. "Nibadilishie."

Ndani ya mashini hiyo mlikuwa na sauti za wazee. Mwalimu huyu amekuwa akiwarekodi kwa simu wakieleza asili za koo zao, ngano, na majina ya vijito ambavyo vijana hawavijui tena, katika Kiswahili chetu cha Maniema. Jioni huzisikiliza na kuziandika. Sasa kila mzee alisikika kama anazungumza huku mtu anakaanga karanga kando yake.

Sikuzibadilisha spika. Naeleza hapa jinsi kazi ilivyokwenda, kwa sababu naona mashini nyingi zinafunguliwa bure, na nyingine zinafutwa programu zote bure, kabla mtu hajauliza swali moja rahisi: inakwaruza wakati gani? Aina ya mlio hudanganya, maana mkwaruzo wa umeme na mkwaruzo wa ngozi ya spika vinaweza kufanana kabisa masikioni. Wakati wa mlio ndio unaosema ukweli.

"Mwalimu, inakwaruza saa gani?"

"Wakati wote."

Hilo ndilo jibu la karibu kila mteja, na ni nadra kuwa sahihi. Nilimwomba acheze faili moja, la mzee anayezungumza polepole, kwanza kwenye simu yake. Likatoka safi. Kwa hiyo tatizo la faili hilo halikuwa kwenye rekodi. Kisha kwenye laptopu: likakwaruza. Nikamwambia asiguse kitu kingine, nami nikachomoa chaja.

Sehemu ya kelele ikakatika papo hapo. Ule uvumi mkavu uliokuwa chini ya maneno, wa mfululizo, ulikwisha. Ikabaki mipasuko ya hapa na pale. Tulijua basi kwamba tuna kelele mbili, na ya kwanza inatoka kwenye umeme.

Hapa Kasongo, kama Kabambare, umeme tunajitengenezea wenyewe: paneli za jua, betri za volti 12, jenereta kwa mwenye uwezo wa kununua mafuta. Betri inatoa umeme mnyoofu, na inverta inaugeuza kuwa volti 220 za kupanda na kushuka. Inverta nzuri hutoa wimbi laini. Zile za bei nafuu, ambazo ndizo zimejaa sokoni, hutoa wimbi la ngazi: linaruka juu, linakaa, linaruka chini, mara 50 kwa sekunde. Kila mruko huo unazaa mitetemo mingine ya kasi zaidi, mamia na maelfu kwa sekunde, na hiyo imo kabisa ndani ya masafa ambayo sikio linasikia. Chaja inatakiwa kuichuja. Chaja ya asili hujitahidi. Ile ya kuiga, nyepesi mkononi, haina vya kuchujia vya kutosha. Ongeza kwamba nyumba zetu nyingi hazina waya wa ardhi. Ukipitisha kiganja taratibu juu ya laptopu ya bati inayochajiwa ukahisi mtekenyo, umeugusa umeme huohuo unaotafuta njia ya kutoka. Ukiunganisha mashini hiyo na kikuza sauti cha kanisani au cha arusini, utausikia uvumi huo kwa nguvu zaidi.

Dawa yake si spika. Mwalimu anachaji kwa betri ya volti 12, na laptopu yake inataka volti 19. Kuzipeleka 12 hadi 220, kisha kuzirudisha 19, ni kupoteza nguvu mara mbili na kukaribisha kelele katikati. Kipo kifaa kidogo kinachopandisha 12 moja kwa moja hadi 19, kile ambacho wenye magari hukiita chaja ya gari. Niliunganisha kimoja kwenye betri ya karakana, uvumi haukurudi, na betri pia hudumu zaidi jioni. Asiye nacho achaji kwanza, asikilize baadaye. Ni bure.

Ikabaki mipasuko. Tuliisikiliza kwa makini, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyegundua: ilizidi alipofungua programu nyingine au mashini ilipotafuta mtandao, na kila baada ya kimya kirefu, neno la kwanza lilitanguliwa na mlio wa "pwa". Ngozi iliyochanika haijui kama umefungua programu. Mlio unaofuata shughuli za mashini ni wa programu.

Sauti ndani ya kompyuta ni namba. Kwa kawaida ya leo, kila upande wa spika unapokea namba 48,000 kwa sekunde, na hazina subira. Fikiria ndoo iliyotoboka chini: maji yanatoka kwa kipimo kilekile, na mtu anaijaza kwa kikombe juu. Akichelewa kidogo tu, ndoo inakauka kwa kitambo kifupi na sauti inakatika. Kuchelewa sehemu ya mia ya sekunde ni namba 480 zilizokosekana, na sikio linausikia mkatiko huo kama mpasuko. Anayechelewa ni prosesa, iliyozuiwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) mbovu ya Wi-Fi, ya betri au ya sauti yenyewe. Ule mlio wa "pwa" una sababu nyingine: chipu ya sauti inalazwa usingizi ili kuokoa betri, na inapoamshwa, volti inaruka na spika inashtuka.

Ili nisibahatishe, niliwasha mashini kwa Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kutoka kwenye fleshi, bila kugusa Windows yake. Faili lilelile, spika zilezile: mipasuko haikuwepo. Jaribio hili linachukua dakika kumi na linamaliza ubishi mwingi, kwa kuwa vyuma vimebaki vilevile na programu tu ndiyo iliyobadilika. Fundi yeyote wa Maniema anapaswa kuwa na fleshi hiyo mfukoni kabla ya kumiliki bisibisi ya pili. Tahadhari moja: Ubuntu nayo huweza kuilaza chipu ya sauti, kwa hiyo "pwa" ikiendelea huko, usikimbilie kulaumu chuma.

Kurekebisha upande wa Windows hakukuhitaji intaneti, na jambo hili nalisisitiza. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kupakua draiva mpya ya sauti. Kifurushi chake huweza kufika mamia ya megabaiti, nasi tunanunua megabaiti kwa simu na kuzihesabu. Lakini Windows tayari ina draiva ya kawaida ya sauti ndani yake, iliyotengenezwa na Microsoft, inayofanya kazi na chipu nyingi. Unafungua orodha ya vifaa, unachagua kifaa cha sauti, unaomba kubadilisha draiva, unakataa kutafuta mtandaoni, na unachagua kutoka kwenye orodha iliyomo ndani ya mashini. Katika Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za hapa, inaitwa "Périphérique High Definition Audio". Niliichagua hiyo. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya spika, ukurasa wa "Améliorations", nikazima mapambo yote ya sauti, yale ya kuongeza besi na mwangwi, kwa sababu kila pambo ni kazi nyingine kwa prosesa na halimsaidii mzee kusikika. Mwisho nikaiondoa mashini kwenye mpango wa kubana betri. Mipasuko ikakoma, na "pwa" ikaondoka nayo.

Nilikuwa karibu kumrudishia mashini yake aliposema, "Sikiliza huyu sasa." Akacheza rekodi ya mzee mwenye sauti nzito. Upande wa kushoto ukatetemeka kama karatasi kwenye kitana.

Safari hii wakati ulikuwa tofauti kabisa: si chaja, si programu, ila sauti nzito tu, na upande mmoja tu. Nilisukuma sauti yote kulia, ikawa safi; kushoto, ikakwaruza. Nikacheza mlio mmoja unaopanda polepole kutoka masafa ya chini kwenda juu, na mtetemo ulijitokeza sehemu moja kisha ukapotea. Hiyo ni dalili ya kitu kinachogusana na ngozi ya spika inapocheza kwa mwendo mrefu. Hapo ndipo fundi ana haki ya kushika bisibisi.

Nikafungua, nikachomoa betri kwanza, nikapima koili za spika zote mbili kwa mita. Kila moja ilisoma karibu omu 4, kwa hiyo hakuna iliyoungua. Nilipoiweka ya kushoto chini ya taa, nikaona chembe nyeusi, ngumu, zimejipanga ukingoni mwa ngozi kana kwamba zimepandwa kwa mkono. Vumbi la barabara ni jekundu. Hizi zilikuwa nyeusi.

"Mwalimu, huko mnaosha dhahabu karibu?"

"Nyuma ya nyumba yangu kabisa."

Baada ya dhahabu kuoshwa, kinachobaki chini ya karai ni mchanga mweusi mzito, na ndani yake mna magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Wachimbaji wadogo sehemu nyingi za dunia huutenga mchanga huo na dhahabu kwa sumaku, na mara nyingi sumaku yenyewe imetolewa kwenye spika mbovu. Hapa mchanga ulikuwa umeifuata sumaku nyumbani kwake. Kila spika ina sumaku. Mchanga unaokauka na kupeperushwa unapita kwenye matundu ya laptopu iliyo wazi mezani, na ukifika hauondoki kwa kupuliza wala kwa brashi, kwa sababu umeshikwa. Kupuliza kwa mdomo ni kubaya zaidi: kunaongeza unyevu na kuzisukuma chembe ndani.

Nilizungushia selotepu kwenye kijiti cha kiberiti, upande wa gundi nje, nikazinasa chembe moja baada ya nyingine, kwa kugusa bila kubonyeza. Bisibisi ya chuma niliiweka mbali, kwa sababu sumaku ikiivuta ghafla inatoboa ngozi. Kazi ilikula saa nzima kwa spika isiyozidi kidole gumba. Baadaye nilibandika kitambaa chepesi cha chandarua nyuma ya matundu. Spika mpya ingeagizwa mbali, na ikifika huenda isingelingana na nafasi.

Tulicheza rekodi zote, moja baada ya moja, hadi jioni. Zote safi, isipokuwa mbili. Mwanzoni nilijaribu faili moja tu kwenye simu, na ningejaribu zote ningelijua hili mapema: hizo mbili zilikwaruza kwenye simu pia. Nilizifungua katika programu ya Audacity, na vilele vya mawimbi vilikuwa bapa kama vimekatwa kwa panga. Namba za rekodi ya kawaida ya biti 16 zina dari, 32,767 juu na 32,768 chini ya sifuri. Sauti inayopita hapo inakatwa, na kilichokatwa hakikuandikwa popote. Programu zipo za kubahatisha umbo la kilele kilichopotea, lakini kubahatisha sauti ya mzee si kuihifadhi.

Mwalimu alisema simu alikuwa ameiweka karibu kabisa na midomo yao. Wazee hao wawili wangali hai. Anarudi kwao mwezi huu kuwarekodi upya, simu ikiwa umbali wa mkono mmoja.