Fainali ya Mbuzi

Wanaoandika habari za mpira katika nchi hii huandika juu ya Simba na Yanga, na wakichoka huandika juu ya Uingereza. Mimi nataka kuhakiki mchezo mmoja ambao haukutangazwa redioni wala haukuandikwa gazetini: fainali ya mbuzi iliyochezwa Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, hapa Tanga, katika kiwanja kilicho nyuma ya shule ya msingi. Nasema kuhakiki kwa maana ile ile tuliyofundishwa chuo cha ualimu tulipopewa tamthilia mkononi. Mtu atazame kilichotendeka, si alichotamani kitendeke, kisha atoe hukumu na aeleze sababu yake.

Kwa asiyejua, mashindano ya mbuzi ni haya: kila timu ya mtaa hutoa kiingilio, fedha zikikusanywa hununuliwa mbuzi, na mwaka wa neema hununuliwa ng'ombe. Mbuzi hufungwa karibu na meza ya waandalizi ili kila mtu amwone na aamini. Wetu alikuwa beberu mweusi mwenye ndevu, na kwa dakika tisini zote alitafuna maganda ya machungwa bila kuinua kichwa. Nimehudhuria mikutano mingi ya bodi za shule, na sikupata kuona mgeni rasmi aliyetulia namna ile.

Jua lilikuwa kali lakini la kupendeza, kusi inavuma kutoka baharini kiasi cha kukausha jasho. Kiwanja hakina nyasi hata unyasi. Ni mchanga mwekundu, na upande wa mashariki umeinama kidogo. Kwenye kona moja tawi la mwembe limeingia ndani ya mstari, na kwa makubaliano ya miaka mingi mpira ukigonga tawi mchezo unaendelea. Sheria za mpira zinataka goli liwe na upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Milingoti yetu ni ya mkaratusi, na mtambaa panya umebonyea katikati. Dakika ya ishirini hivi shuti moja lilipita juu ya pale palipobonyea, na kama mti ungekuwa umenyooka lingekuwa goli halali. Mwamuzi akaashiria mpira wa goli. Wachezaji wakamtazama, wakautazama mti, wakarudi nyuma. Nilipenda sana hilo. Katika viwanja vikubwa, vyenye kamera kila pembe, nimeona watu wazima wakimzingira mwamuzi kwa jambo dogo kuliko hilo.

Iko kauli inayorudiwa kila siku kwamba mpira wa mchangani ni mpira wa miguu tu, kichwa hakimo. Kauli hii ni ya mtu asiyetazama. Nahodha wa timu ya mtaa wetu aliposhinda kura ya shilingi alichagua lango bila kusita, na alichagua kwa akili. Kipindi cha kwanza alimweka kipa wake upande wa mashariki, akilitazama jua likiwa bado juu, saa kumi alasiri. Kipindi cha pili jua liliposhuka usawa wa macho, aliyelitazama alikuwa kipa wa wageni. Hakuna kocha aliyemnong'oneza. Kocha alikuwa bado anatafuta soksi. Viungo nao walijua kwamba kwenye mchanga ule pasi ndefu ya chini haifiki, hufa njiani, kwa hiyo walicheza pasi fupi za haraka, mguu kwa mguu, na walipotaka kwenda mbali waliuinua mpira. Nani awaambie hawa hawana kichwa?

Mtangazaji nitamtaja kwa kifupi, maana anastahili kifupi. Alikuwa na kipaza sauti na spika mbili, na alijitahidi kusema kama watangazaji wa Radio Tanzania wa zamani, akina Ahmed Jongo. Lakini wale walimsemea mtu aliyeketi Songea au Kigoma, asiyeona kitu; ilibidi wamwambie mpira uko wapi, nani anao, anaelekea lango gani. Huyu wetu alitusemea sisi tuliokuwa tunaona. Basi akabaki na kelele, na matangazo ya duka la simu. Jambo moja alilifanya vizuri: alitangaza mtoto aliyepotea, akapatikana.

Sasa nifike kwenye lile lililonitoa nyumbani kuja kuandika. Kipindi cha pili, tukiwa sare ya bila kwa bila, mshambuliaji wetu mwenye jezi namba tisa alipokea mpira mgongo wake ukiwa kwa lango. Aliuinua kwa ncha ya kiatu, akamvika beki kanzu, akageuka, na kabla mpira haujagusa mchanga akaupiga. Kipa, jua machoni, hakusogea. Nimetazama mpira tangu nikiwa mtoto wa kucheza chandimu kwa mpira wa matambara, na magoli ya namna ile nayahesabu kwa vidole. Nilisimama, nikapiga makofi, fimbo ikaanguka.

Kisha nikasikia watu nyuma yangu wakiulizana, “Nani yule?” Hakuna aliyejua. Mama mmoja alisema anatoka Muheza, mwingine akasema Korogwe. Watoto wakaanza kuimba “Tisa! Tisa!” kwa kuwa jina hawakuwa nalo.

Alikuwa mamluki. Kamati ya timu yetu ilikodi wanne kwa ajili ya fainali, kila mmoja kwa ujira wake na nauli. Wale vijana wanne wa mtaa waliotuvusha robo fainali na nusu fainali waliwekwa kando ya mstari, wamevaa jezi kamili, njumu zimefungwa kamba. Mmoja wao, winga wa kushoto, ndiye aliyetufungia goli la kutupeleka fainali. Alikuwa ameketi chini, hatua mbili kutoka kiti changu. Aliniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” nami nikaitikia, halafu hatukusemezana kwa muda mrefu.

Mtetezi wa mamluki ana hoja, na si haki kuificha. Husema ndondo ni mlango, kijana aonekane, achukuliwe, aende mbele. Husema tazameni Samatta. Naam, tumtazame. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akaanza kuonekana na timu ya huko huko Mbagala, akaenda Simba, akavuka hadi TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, na tarehe 1 Machi mwaka huo akafunga pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa timu yake ilifungwa mbili kwa moja. Lakini mfano huo unamwangukia aliyeutoa. Mlango wa kwanza wa Samatta ulikuwa wa kwao. Kama kamati ya wakati ule ingemweka kando ili ikodi mtu wa mbali, pengine leo tungekuwa tunatoa mfano mwingine. Mamluki hafunguliwi mlango. Yeye keshafunguliwa; ndiyo maana anajulikana kwa kamati na ana bei.

Hukumu yangu juu ya mchezo wenyewe, basi, ni kwamba ulikuwa mzuri na ulikuwa na kasoro ile ile ambayo tamthilia huwa nayo mhusika mkuu anapoletwa katika onyesho la mwisho bila kutokea katika maonyesho ya kwanza. Anatatua kila kitu, lakini hatukumwona akihangaika. Mtaa ulishangilia goli, haukumshangilia mtu. Tofauti hiyo niliisikia kwa masikio. Wageni waliposawazisha dakika kumi baadaye, kwa mpira wa kichwa wa kijana mwembamba ambaye huuza kahawa, upande wao wote uliingia uwanjani, na babu mmoja wa rika langu alikuwa analiita jina la mfungaji na jina la mama yake.

Ningeweza kuishia hapo nikawa msafi, lakini sitakuwa msafi. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu, na shule yangu ilifika fainali ya michezo ya shule za wilaya. Siku mbili kabla, nilimwita kijana aliyekwisha kuhitimu mwaka uliotangulia, mchezaji hodari sana, nikamvalisha jezi ya mvulana wa darasa la saba, nikamwandika kwa jina la huyo huyo. Yule mvulana nilimwambia abaki bwenini na aseme ana homa. Alisema ana homa. Tulishinda tatu bila, nikapewa kikombe, nikakiweka ofisini juu ya kabati, na kila mgeni aliyeingia alinisikia nikikieleza. Huyo mvulana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Hunipitia Idi na siku zisizo za Idi, huniletea samaki, na hajanitajia jambo hilo hata siku moja. Mimi nami sijamtajia. Kwa miaka arobaini nimejiambia kwamba amesahau, nikijua vizuri kuwa mtu aliyefunga goli husahau mapema kuliko aliyeambiwa aseme ana homa.

Kwa hiyo sina haki ya kuirukia kamati ya mtaa wetu. Najua wanachokitaka, nilikitaka. Najua jinsi ushindi unavyofanya kila mtu aache kuuliza. Fainali iliamuliwa kwa penalti ya dakika za majeruhi, halali kabisa, beki aliudaka mpira kama anadaka nazi. Akapiga mamluki mwingine, tukashinda mbili kwa moja. Beberu akafunguliwa kamba, akabebwa mabegani, akilia kwa mara ya kwanza jioni ile.

Kijana wa kando yangu hakukimbilia uwanjani. Alikuwa anafungua kamba za njumu zake, ambazo hazikuwa na hata chembe ya mchanga.

“Mwalimu,” aliniambia bila kuinua uso, “lile goli la kwanza, lakini, kafunga vizuri. Au siyo?”

“Kafunga vizuri,” nilimjibu.

Akaokota fimbo yangu, ambayo tangu ilipoanguka sikuwa nimeiwaza, akanipa. Halafu akazitia njumu katika mfuko wa plastiki, akaenda kuwasaidia wenzake kukunja nyavu.